Miezi tisa na hifadhi ya NFS kwenye kontena, IPv4 na IPv6 ndani ya mtandao mmoja: uzoefu wangu

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Wateja wetu ni mawakala wa forodha, na kwao kontena ni lile la futi 40 lililokaa bandarini likilimbikiza gharama. Niliwahi kumwandikia mteja mmoja kwamba "kontena mbili zimeanguka usiku, tunaziinua sasa hivi." Alipiga kabla sijaiweka simu mezani, anahema, anauliza zimemwangukia nani. Tangu siku hiyo wateja nawaambia "mfumo" tu. Humu ndani, kontena ni zile za programu, yaani vifurushi vyenye programu na vyote inavyohitaji, zinazoendeshwa na Kubernetes (mfumo wa kusimamia kontena nyingi kwa pamoja) kwenye wingu.

Ninachokitathmini ni huduma ya hifadhi ya faili ya mtandao, NFS, ambayo tunaikodi kwa mtoa huduma wa wingu mwenye data senta Afrika Kusini. Jina lake nalihifadhi. Nusu ya matatizo nitakayoyasimulia tuliyatengeneza wenyewe, na nusu nyingine ungeyakuta hata kwa mshindani wake. Kwa wasio na muda: hifadhi yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Maelezo waliyoandika kuhusu IPv6, ule mfumo mpya wa anwani za mtandao unaoifuata IPv4 ya zamani, nayapa moja na nusu, na hiyo nusu ni ya huruma.

Ofisi yetu iko Makumbusho, watu saba. Wakala anaskani BL (hati ya shehena), ankara na paking listi, anazipandisha. Programu ya kwanza inapokea, ya pili inasoma maandishi kwenye picha, ya tatu inaunganisha kurasa zote kuwa PDF moja. Programu tatu zinagusa faili zilezile, na kila moja inaweza kuwa kwenye mashine tofauti. Diski ya kawaida ya wingu hushikwa na mashine moja kwa wakati, kwa hiyo tulikuwa tunakopi faili huku na huku kama watu wanaohama nyumba kwa bajaji. NFS imeondoa adha hiyo. Folda ni moja, wote wanaiona, wote wanaandika. Kwenye Kubernetes unaomba aina ya ReadWriteMany, basi.

Teknolojia yenyewe ni ya zamani, Sun Microsystems waliitoa mwaka 1984, na mimi uzee huo nauhesabu kama sifa. Toleo la nne lilirahisisha jambo moja kubwa: kila kitu kinapita poti moja, yaani mlango mmoja wa mtandao, namba 2049. Aliyewahi kuhangaika na toleo la tatu atakumbuka poti 111 na wenzake waliokuwa wakibadilika kila seva ikiwashwa, mpaka fayawoli, ule ukuta wa kuchuja mawasiliano, inabaki na matundu kama chekecheke.

IPv6 hatukuifuata kwa ushabiki. Aliyejenga mtandao wetu alizipa podi (vikundi vidogo vya kontena ambavyo Kubernetes huviendesha pamoja) kipande cha /24, yaani anwani 256, na kila podi inakula moja. Tulipokuwa wadogo zilitosha na kubaki. Halafu kuna bili. AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, iliingia awamu ya mwisho ya kugawa IPv4 Januari 2020, na AWS, wingu la Amazon, kwa mfano, tangu tarehe 1 Februari 2024 wanatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya hadharani, uitumie usiitumie. Kwa mwezi ni kama dola 3.65 kwa anwani moja. Bosi alipoona hesabu hiyo alikuwa mtu wa IPv6 kuliko mimi. Tukakubaliana kuendesha zote mbili sambamba: kila nodi (mashine inayobeba podi) na kila podi inakuwa na anwani ya IPv4 na ya IPv6. Kubernetes imeuhesabu mpango huo kuwa umekomaa tangu toleo 1.23 la Desemba 2021, kwa hiyo sikujiona kama mtu anayefanya majaribio.

Kwenye paneli ya mtoa huduma kulikuwa na kitufe cha kuiwezesha hifadhi kupokea IPv6. Nilikibonyeza Ijumaa saa kumi jioni. Najua, msiniambie. Jina la hifadhi likabaki lilelile, ila DNS, inayogeuza majina kuwa anwani, sasa ikawa inalijibu mara mbili, jibu la IPv4 na jibu la IPv6. Podi zilizokuwa zikiendelea hazikutikisika. Nikafunga kompyuta, nikapanda daladala ya Tegeta.

Saa tatu usiku podi moja ikahamishiwa nodi nyingine, jambo la kawaida kabisa, na huko ikakwama. Haikutoa kosa. Ilikaa kwenye hali ya "inaundwa", zikapita dakika mbili, likaja lalamiko kwamba muda wa kumaunti (kuiunganisha folda ya hifadhi na mashine) umeisha, kisha ikaanza upya. Mdogo wangu wa kazini ndiye alikuwa zamu.

"Kaka, hifadhi imekufa."

"Ukurasa wake wa usimamizi unafunguka?"

"Unafunguka, tena fasta."

Basi nikamwambia mtandao hauna shida, atafute kwingine. Nilimpoteza kijana wa watu kwa saa mbili na nusu.

Kivinjari kina ujanja wake. Kikipewa anwani mbili kinaijaribu ile ya IPv6, na isipojibu haraka kinaanza na ya IPv4 bila kuisubiri ya kwanza, atakayewahi ndiye huyo. Kuna hata mwongozo wa hilo, RFC 8305, unaopendekeza kungoja milisekunde 250 kabla ya kujaribu ya pili. Mteja wa NFS kwenye Linux hana mbio za namna hiyo. Anachukua anwani ya kwanza kwenye orodha, ambayo kwa mashine yenye IPv6 ya hadharani kwa kawaida ndiyo ya IPv6, anabisha hodi, anakaa barazani kungoja. Angejibiwa "ondoka" angegeukia anwani ya pili. Fayawoli yetu haikumwambia ondoka, ilimeza pakiti kimya. Kanuni zilikuwa zimeandikwa kwa IPv4 peke yake: ruhusu 2049 kutoka mtandao wetu wa 10 na kitu. Upande wa IPv6 palikuwa patupu, na pasipo na kanuni kila kinachokuja hutupwa.

Kijana ndiye aliyeiponya usiku ule, tena kwa njia ya mkato: aliongeza proto=tcp kwenye vigezo vya kumaunti, ambayo inamlazimisha mteja atumie IPv4. Ukitaka kumlazimisha IPv6 unaandika proto=tcp6. Tofauti ni tarakimu moja. Hiyo sita imetuokoa na kutuumiza kwa viwango vinavyokaribiana.

Jumatatu nikaandika kanuni ya IPv6, nikaondoa kiraka, nikapata kosa jipya: hifadhi imekataa. Angalau hii ilijibu. Nilikuwa nimeziorodhesha anwani za podi kwenye ruhusa za hifadhi, nikiamini kontena ndiyo inayomaunti. Kumbe kazi hiyo hufanywa na nodi. Nodi inaiunganisha folda kwake, kisha inaiingiza ndani ya kontena ikiwa tayari, kama chakula kinachopikwa jikoni na kuletwa mezani. Kwa hiyo anwani inayobisha hodi ni ya nodi, na DNS inayotumika ni ya nodi vilevile. Jina linalojulikana ndani ya klasta (kundi zima la nodi) tu, nodi haina habari nalo. Na usiandike anwani moja moja. Nodi za wingu zinakufa na kuzaliwa, na kila inayozaliwa inakuja na anwani yake. Sisi tumeruhusu kipande kizima cha /64.

Dokezo dogo kwa wanaopenda kuandika anwani badala ya jina: IPv6 lazima ikae kwenye mabano ya mraba, mfano [2001:db8:5::10]:/hati. NFS inatenganisha seva na folda kwa nukta mbili, na anwani ya IPv6 imejaa nukta mbili. Bila mabano haielewi inaishia wapi. Maelezo ya mtoa huduma yana mifano kumi na moja, na hakuna hata mmoja wenye mabano.

Wiki ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kila kitu kinamaunti. Ukiorodhesha folda yenye faili kumi, zinakuja. Ukiandika faili la maneno matatu, linaandikika. Wakala akipandisha skani ya megabaiti 3, programu inaganda. Haifi, haisemi, haiandiki chochote kwenye logi. Ukiiangalia kwenye nodi iko hali ya D, maana yake inangoja hifadhi imjibu. Hiyo ndiyo tabia ya NFS ukiiacha na mipangilio yake ya kawaida: ikishindwa kufika inarudia, na kurudia, bila kukata tamaa, ili isipoteze data yako. Kama sera naiunga mkono. Kwa mtu aliyekaa na wakala kwenye simu, ni mateso.

Na cha ajabu, nikirudisha IPv4, skani zinapita kama kawaida. Bosi akahitimisha kwamba IPv6 haijakomaa. Sikuwa na hoja ya kumpinga, ila roho ilikataa. Kitu kisichokomaa kingeharibika ovyo ovyo, na hiki kilikuwa kinaharibika kwa mpangilio. Vidogo vinapita, vikubwa vinakwama.

Hifadhi yetu ipo kwenye mtandao wa mradi wa zamani, kontena zipo kwenye mtandao mpya. Katikati, fundi aliyenitangulia alichimba handaki la WireGuard (njia iliyosimbwa kati ya mitandao miwili), na alifanya vizuri, maana NFS ya kawaida inapitisha data wazi bila kuisimba. Lakini handaki lina kodi yake. Pakiti ya baiti 1500 ikiingia inahitaji nafasi ya vichwa vya WireGuard, ndiyo maana kikomo chake cha kawaida ni 1420. Nodi zetu hazikujua hilo, zikaendelea kutuma za 1500.

Sasa kwenye IPv6, rauta za njiani hazina ruhusa ya kukata pakiti vipande. Pakiti ikizidi, rauta inaitupa na kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMPv6, njia ya mashine kupeana taarifa za hali ya mtandao: kubwa mno, mwisho wangu ni 1420. Mtumaji akiupata ujumbe anapunguza, maisha yanaendelea. Fayawoli yetu iliruhusu ping (kupima kama mashine inajibu) na yale mazungumzo ya majirani ambayo IPv6 haiishi bila hayo, ikazuia mengine yote ya ICMPv6. Ni mazoea ya miaka mingi, kwamba ICMP ni ya wadukuzi, zuia. Kwa hiyo mtumaji anatuma, pakiti inatupwa, taarifa ya kutupwa nayo inatupwa, naye anatuma tena ileile.

Kwa nini IPv4 ilipona? Kwa sababu fundi yuleyule aliweka kanuni ya kubana MSS (ukubwa wa juu wa data kwenye pakiti moja) kwenye handaki, ili pande mbili zikubaliane tangu salamu ya kwanza kwamba vipande visizidi baiti 1380. Aliiweka kwa iptables, fayawoli ya Linux ya upande wa IPv4. Kwenye ip6tables, ya upande wa IPv6, hakugusa, na simlaumu, siku hizo IPv6 haikuwepo. Matokeo yake, mashine zilizoongea kwa IPv6 zikakubaliana baiti 1440 wakati handaki linapitisha 1360.

Nililigundua kwa ping tu, kifaa cha bure kuliko vyote. Ukizuia pakiti zisikatwe kisha ukaongeza ukubwa kidogo kidogo, ping ya baiti 1372 inajibiwa. Ya 1373 hairudi. Jumlisha baiti 8 za ICMPv6 na 40 za kichwa cha IPv6 juu ya 1372, unapata 1420 kamili. Nilikaa nikiitazama hiyo namba kwa muda, kwa furaha ambayo siwezi kumweleza mke wangu. Dawa ikawa mistari miwili: kuruhusu ujumbe wa "kubwa mno", aina ya 2 kwenye ICMPv6, na kuibana MSS upande wa ip6tables vilevile. Tangu hapo sijaona skani iliyoganda.

Tiketi niliyomfungulia mtoa huduma ilijibiwa siku ya nne. Walinishauri nizime nodi niwashe.

Hapa nirudi nyuma kidogo, maana kuna anayeweza kusoma hadi hapa akasema ngoja nimaunti hiyo folda moja kwa moja kwenye kompyuta za ofisini, Dar. Tulifanya hivyo 2024, kabla ya haya yote, kupitia handaki, IPv4 tupu. Usifanye. Kutoka Makumbusho hadi Afrika Kusini kwenda na kurudi nilikuwa napata milisekunde 60 na kitu. Kwa kivinjari hiyo ni sawa na hakuna. NFS lakini ni mwongeaji: programu inayofungua folda na kuchungulia faili moja moja inakwenda na kurudi kwa kila faili. Folda yenye skani 4,000, milisekunde 60 kila moja, ni dakika nne kabla dada wa mapokezi hajaona hata jina la mteja. Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zikakatika upande wa kusini na intaneti ya Tanzania ikazorota. Jumatatu asubuhi kompyuta zote zilizokuwa na folda ile ziliganda, hata kwa mtu aliyetaka kufungua faili lililo kwenye diski yake mwenyewe, kwa sababu kidirisha cha faili kilikuwa kikiisubiri NFS kwanza. Amri ya df, ya kuangalia nafasi ya diski, nayo ikaganda. Dada wa mapokezi alirudi kwenye daftari, na siku hiyo yeye peke yake ndiye aliyefanya kazi. Sasa hivi kontena na hifadhi zinakaa jirani kulekule, na watu wa Dar wanaziona faili kupitia ukurasa wa wavuti.

Kwenye kasi sina malalamiko makubwa. Faili kubwa zinakwenda vizuri, na kigezo cha nconnect, kinachofungua miunganisho kadhaa badala ya mmoja (kinahitaji kerneli ya Linux 5.3 kwenda juu), kilisaidia tulipofikia skani nyingi kwa mpigo. Kwa faili ndogo ndogo sikuona tofauti. Tulikuwa tunaweka humo hata vijipicha vya kurasa, maelfu kwa maelfu vya kilobaiti chache, tukaviondoa.

Kitu kimoja nilikijaribu nikajuta: hifadhidata ya SQLite juu ya NFS. SQLite inategemea kufuli za faili, na wenyewe walioitengeneza wanaonya dhidi ya kuiweka kwenye folda ya mtandao. Nililisoma onyo hilo baadaye. Ilidumu siku sita.

Ruhusa za faili zitakusumbua mara moja tu. Ukiendesha kontena kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, hifadhi nyingi za NFS zinakushusha cheo na kukufanya mtu asiye na jina, namba 65534, halafu unashangaa mbona huwezi kuandika. Nasi tulishangaa. Na usitegemee fsGroup ya Kubernetes ikubadilishie umiliki wa folda, kwenye NFS yetu haikufanya lolote. Tumetengeneza folda zenye mmiliki namba 1000 na kontena zote tatu zinaendeshwa kwa namba hiyohiyo.

Bei inauma. Aina hii ya hifadhi ni ghali kila mahali ukilinganisha na hifadhi ya objekti, ambako faili huhifadhiwa moja moja badala ya kumauntiwa kama folda. Kwa bei za orodha nilizoziangalia za AWS kule Virginia, EFS ya kawaida (hifadhi yao ya NFS) ni dola 0.30 kwa gigabaiti kwa mwezi, S3 ya kawaida (ya objekti) ni 0.023. Zaidi ya mara kumi. Yetu si ya hao, ila pengo linafanana. Kwa hiyo hati zilizokwisha kazi, mzigo ukishatoka bandarini, zinahamishwa baada ya siku 30 kwenda kwenye hifadhi ya objekti, na NFS inabaki na za moto tu. Bakapu pia tunaiweka nje ya NFS, kwa sababu folda ambayo wote wanaandika ni folda ambayo wote wanaweza kufuta, na kijana wetu ameshalithibitisha hilo mara moja.

Kwa anayetaka kuiga, leo vigezo vyetu ni hivi: toleo 4.1, hard (ile tabia ya kurudia bila kukata tamaa), proto=tcp6, nconnect=4, timeo=600, ambayo ni sekunde 60 kwa sababu inahesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Tumelazimisha IPv6 kwa makusudi. Ukimwachia mteja achague, siku upande mmoja ukiharibika unaweza kuponea upande wa pili bila kujua, na utalijua hilo usiku ambao upande wa pili nao umeharibika. Bosi hakulipenda wazo hilo, tukabishana, tukakubaliana tulijaribu hadi mkataba uishe. Mkataba uliisha mwezi uliopita. Tumeuongeza kwa mwaka mmoja, gigabaiti 500, na safari hii aliyebonyeza vitufe ni kijana, Jumanne asubuhi.